Studio ya Mama Direkta, Nyawera: tuliingia na nyimbo 5, tukatoka nazo mkononi

Kitu cha kwanza alichotuomba Mama Direkta, mwenye studio, ni bangili. Tulikuwa wanawake 17 tumepanga mstari kwenye ngazi, sare za kitenge zimepigwa pasi tangu usiku, na binti mmoja akapita na kikapu kukusanya bangili, hereni ndefu, saa, funguo na simu, huku mwenzake akiandika kwenye daftari nani ametoa nini. "Mikro haichagui," Mama Direkta alituambia. "Ukiimba itashika wimbo, ukitikisa mkono itashika mkono." Kisha akavua viatu vyake mwenyewe, maana kuna ubao karibu na mlango unaolia ukikanyagwa, akashinda siku nzima miguu mitupu.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wa makorali na wanamuziki wadogo wa Bukavu wanaoniuliza kila Jumapili tulirekodi wapi. Mimi naongoza korali ya akina mama Kadutu, huu ni mwaka wa 11. Siku za kazi nauza unga sokoni. Sijasomea mambo ya sauti, lakini hii ni studio ya tatu kuingia, na nimejifunza kutazama jinsi mtu anavyopokelewa akiwa na pesa ya kuhesabu.

Studio iko upande wa Nyawera, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Haina kibao. Mwenyewe ameomba nisiweke jina lake wala namba yake. Kazi inamfikia kwa mdomo wa watu na inamtosha. Mwambie motari, mwendesha pikipiki, "studio, kwa Mama Direkta", atakushusha mlangoni. Ngazi ni nyembamba na hazina pa kushika. Koko wetu, bibi wa korali mwenye miaka 71, tulimpandisha tukimshika huku na huku, na nilimwambia Mama waziwazi kwamba hilo alitengeneze kabla mtu hajaanguka.

Hatukuwa tumeimba hata noti moja mvua ikaanza. Ilikuwa mwezi wa kumi, na mvua ya alasiri juu ya mabati, kila mtu wa Bukavu anaijua: husikii hata aliye kando yako. Nikaanza kuhesabu moyoni saa tunazolipia. Mama akasema saa hazihesabiwi mpaka mikro iwake, akaagiza chai na mandazi, akatoa karatasi.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndilo lililonifanya niandike.

Miaka minne iliyopita tulirekodi nyimbo 4 kwenye studio nyingine, ambayo sitaitaja. Tulilipa yote, tukaimba siku mbili, tukapewa CD moja. Baada ya miezi michache, mmoja wetu akiwa anapika alisikia wimbo wetu wa Majilio redioni, na mtangazaji akataja mtunzi ambaye hatujawahi hata kumwona. Tulikwenda kuuliza. Mwenye studio akatujibu kwamba mashine ni zake, kwa hiyo faili ni lake, na yeye anampa amtakaye. Hatukuwa na kipande cha karatasi. Wimbo ule ulitungwa na mama wa sauti ya pili, akiwa amelala hospitali baada ya kujifungua, akaushika kichwani kwa siku tatu kwa kuwa hakuwa na kalamu. Hadi leo tukiuanzisha kanisani yeye hunyamaza. Wengine wanadhani amechoka.

Kwa Mama Direkta, karatasi inatangulia mikro. Ni kurasa mbili, Kiswahili upande huu na Kifaransa upande huu. Nani ametunga maneno. Nani ametunga sauti. Nani ameimba. Nani amelipa, na kwa hiyo rekodi ni ya nani. Studio inabaki na haki gani: hapa imeandikwa kwamba inahifadhi nakala moja mwaka mmoja, na haiwezi kumpa redio wala mtu yeyote bila sahihi ya kiongozi wa kundi. Alisoma kila mstari kwa sauti, akipaza juu ya mvua, na baada ya kila mstari akauliza, "Akina mama, tumesikilizana?" Alipoona mtu anaitikia kwa kichwa tu, alimwomba arudie kwa maneno yake.

Akatueleza kwamba sheria ya haki za watunzi hapa Kongo ipo tangu tarehe 5 Aprili 1986, namba 86-033, na kwamba inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mama wa Majilio aliuliza kama miaka hiyo 50 ni ya watoto wake. Ndiyo, ni ya watoto wake. Pia alitueleza SOCODA ni nini, shirika la haki za watunzi lililoanzishwa mwaka 2011 mahali pa SONECA ya mwaka 1969. Hakutudanganya kwamba ukijiandikisha leo pesa zinaingia kesho. Alisema jina lisilo kwenye orodha halilipwi hata siku pesa zikiwepo.

Watano kati yetu hawajui kuandika. Nilidhani yatakuwa mambo ya dole gumba na wino, na kweli wino ulikuwepo, mezani. Lakini mvua ilipopungua aliwasha mikro moja, akamwita kila mama peke yake, asimame, aseme jina lake kamili, jina la baba yake, sauti anayoimba, na tarehe ya siku ile. Wote 17, hata wenye kuandika. Koko alisema jina lake, kisha akataja kijiji alikozaliwa, kisha majina ya dada zake wawili waliokufa ambao ndio waliomfundisha kuimba. Binti aliyekuwa kwenye mashine alimtazama Mama kama kuuliza akate wapi. Mama alitikisa kichwa: usikate. Faili hilo tumepewa pamoja na nyimbo. Linachukua dakika 4 na kidogo.

Muda ule wa mvua tulijua pia ametoka wapi, kwa sababu Koko alimwuliza. Alianza katikati ya miaka ya 90 kwenye redio moja ya jamii hapa mjini, akisoma komunike: nani amefariki, matanga yako wapi, nani amepoteza kitambulisho, mbuzi wa nani ameokotwa. Miaka ile redio ilikuwa ndiyo simu ya mji. Radio Maendeleo ilikuwa imezaliwa mwaka 1993 na watu walikuwa wamezoea kusikia Kiswahili chao hewani. Alitaka kujifunza miksa, mashine ya kuchanganya sauti, akaambiwa mwanamke anasoma, hashiki mashine. Basi akaomba kazi ya kuifuta vumbi. Kila jioni, na brashi kavu ya kupakia rangi, kitufe kimoja kimoja, na kwa kila kitufe alimwuliza fundi, hiki kinafanya nini? Fundi alijibu kwa kuwa alidhani ni mazungumzo tu. Usiku mmoja fundi akashikwa na malaria, hakuna aliyefika, na yeye akaendesha matangazo peke yake kuanzia saa 11 jioni hadi saa 4 usiku. Kesho yake hakuna aliyemwambia kitu. Juma lililofuata jina lake lilikuwa kwenye ratiba ya mafundi.

Alifika hadi kuwa mkuu wa vipindi. Hapo ndipo jina la Direkta lilipotokea. Anawataja wanawake wa mji huu kwa heshima kubwa, bila kujipanga nao: Chouchou Namegabe, aliyeingia Radio Maendeleo akiwa anajifunza kazi mwaka 1997, na mwaka 2003 akaanzisha na wenzake AFEM, chama cha wanawake wa habari wa Kivu Kusini; Caddy Adzuba wa Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa hapa Kongo, aliyepewa mwaka 2014 tuzo ya Mwanamfalme wa Asturias ya Hispania kwa kazi yake ya kutetea wanawake. Na anakumbuka miaka ya 2007 na 2008, mji ulipowazika waandishi wawili wa Radio Okapi waliouawa, Serge Maheshe na Didace Namujimbo. Alikuwa na mabinti sita chini yake wakati ule. Aliiweka taarifa ya habari ya mwisho mapema zaidi kwa muda wa saa moja, akaweka sheria kwamba hakuna anayetoka peke yake usiku, na yeye alikuwa wa mwisho kufunga mlango. Wakubwa wake walimlaumu kwamba amepoteza wasikilizaji wa saa ile. Hakurudisha.

Nimesimulia hayo kwa sababu yanaonekana kwenye huduma. Wanaofanya kazi pale ni mabinti watatu na kijana mmoja. Binti anayeshika miksa ana miaka 22, na Mama hamsogezi pembeni mteja mkubwa anapoingia. Siku yetu ya pili alikuja mwanamuziki mmoja mwenye jina, akasema anataka kuzungumza na fundi. Mama akamwonyesha binti. Yule bwana akasubiri kidogo, kama atatokea mwingine. Hakutokea mwingine, akakaa, wakafanya kazi.

Ukutani kuna picha ya Abeti Masikini, aliyeimba Olympia mjini Paris mwaka 1973 na kuwa na kundi lenye jina lake mbele. Na kuna magodoro. Kuta zote nne zimevaa sponji ya godoro, imekatwa vipande na kubandikwa, na kipande kimoja chenye maua ya buluu ni cha godoro alilolalia yeye. Mwaka wa kwanza alipoacha redio na kununua vyombo kwa pesa ya likelemba, mchango wa kupokezana zamu, ya wanawake 12, alilala studio ili visiibwe. Mabinti wanapolalamika kuhusu kazi, huwasimulia Cathy Hughes wa Marekani, mwanamke mweusi aliyenunua redio ya WOL mjini Washington mwaka 1980, akapoteza nyumba, akalala ndani ya redio na mwanaye, na mwaka 1999 kampuni yake ikaingia kwenye soko la hisa, yeye akiwa mwanamke mweusi wa kwanza wa nchi ile kuongoza kampuni ya namna hiyo. Binti wa miksa alinikariri hadithi hiyo yote bila kukosea mwaka.

Sasa sauti yenyewe. Tulirekodi siku mbili. Alitupanga nusu duara, mikro mbili mbele kama hatua tatu kutoka kwetu, na moja kwa kila sauti. Mimi peke yangu nilivaa kaske, spika ya masikioni, sikio moja tu, ndani yake noti ya mwanzo, kwa sababu korali isiyo na kinanda hushuka taratibu bila kujua. Wote wakivaa kaske wanaacha kusikilizana. Kwenye wimbo wa tatu tulishuka mara nne. Nilikuwa tayari kulia. Aliingia, hakusema tumekosea, akasema wimbo umewekwa juu mno kwa hewa ya alasiri, tuushushe nusu toni tu. Tukaushusha. Mara ya kwanza tu ukakaa.

Na Koko. Studio ya kwanza waliwahi kuniambia nimwondoe, eti sauti yake inatetemeka. Koko akipanda juu hurudisha kichwa nyuma na kufumba macho, mikro inampoteza. Mama alileta kiti, akashusha mikro moja hadi usawa wa kifua na kuielekeza juu, akapiga magoti kuikaza skrubu, akamwambia, "Koko, wewe imba unavyoimba kanisani. Kuifuata sauti yako ni kazi ya mikro." Ukisikiliza wimbo wa 5, lile tetemeko liko pale, dakika ya pili, chini ya sauti ya kwanza. Bila hilo wimbo ungekuwa wa watu wengine.

Yasiyonipendeza. Kwanza, umeme. Mto Ruzizi, wenye mitambo ya umeme, unapita hapa mlangoni petu na bado siku mbili hizo umeme ulikatika mara tatu. Betri inaibeba kompyuta kama dakika 20, hakuna kilichopotea, hilo nalisifu. Lakini baada ya hapo wanawasha jenereta, na jenereta inalipiwa na mteja, dola 5 kwa saa. Hakuna aliyetuambia mapema. Tulilipia saa tatu, na zile dola 15 tulizokuwa tumeweka kwa ajili ya pikipiki za kuwarudisha wazee zikaishia humo. Koko alirudi Kadutu kwa pesa niliyokopa. Jambo kama hilo liandikwe kwenye karatasi ile ile nzuri. Nilimwambia, akakubali, akaliandika nikiwa pale pale.

Pili, ngoma. Sponji inameza sauti nyembamba, ile nzito inapita na kuzunguka chumba kama mtu anapiga ukuta. Alitueleza kabla ya kuanza kwamba chumba chake hakifai kwa ngoma, na hakutaka kutuuzia kazi mbaya. Tulirekodi ngoma Jumapili saa 12 asubuhi, uani, kabla pikipiki hazijaanza. Zimetoka vizuri, lakini kundi lenye ngoma nyingi au gitaa la besi litafute chumba kikubwa zaidi.

Tatu, muda. Aliahidi majuma mawili, ikawa majuma matano. Alipiga simu yeye mwenyewe kila juma kueleza yalipofikia, hakumtuma binti. Hata hivyo tulikosa sikukuu ya parokia tuliyoikusudia, na akina mama walinilaumu mimi.

Bei: dola 240 kwa nyimbo 5, yaani kurekodi, kuchanganya sauti na marekebisho mawili. Rekebisho la tatu unalipia. Tulilipa nusu mwanzoni na nusu iliyobaki kwa mara mbili. Sisi tulichanga dola 1 kwa juma kila mama, majuma 15. Kuna studio mjini zinazodai nusu ya hiyo, nimezipita, na nimeeleza kilichonipata. Video hafanyi.

Unachopewa ni flashi moja ndani ya bahasha. Ndani mna kila wimbo kwa namna mbili: WAV, faili zito lenye sauti yote, ya biti 24, kilohertz 48, ya kupeleka redioni, na MP3 ya kutumiana kwenye simu. Alisisitiza tusimpe mtangazaji ile ya simu, kwa sababu MP3 hupunguza uzito wa faili kwa kutupa sehemu za sauti, na kilichotupwa hakirudi. Kisha kila sauti peke yake, ili siku tukitaka kubadilisha fundi tusianze upya. Hili hakuna studio nyingine iliyowahi kunipa. Kwenye rekebisho la kwanza niliona sauti ya kwanza imewekwa mbele mno, ya pili imezama. Binti alifungua mafaili mbele yangu, akapandisha taratibu, akaniuliza hapa? hapa? mpaka nikasema hapo.

Mkienda, mwarifuni Mama siku tatu kabla, mfike saa 2 asubuhi, mwende mmekula maana karibu na pale hakuna mgahawa wa bei yetu, na ulizeni kuhusu jenereta. Bangili ziacheni nyumbani.

Sisi tumeshaweka nafasi baada ya Pasaka, nyimbo 4. Mama wa Majilio ametunga mmoja kati ya hizo. Juzi nilichukua karatasi kwa Mama Direkta mapema ili tuijaze bila haraka, nikampelekea nyumbani kwake. Aliisoma yote akiwa amesimama, mtoto mgongoni, akaazima kalamu ya shule ya binti yake mkubwa, nyekundu, akajaza mstari wa mtunzi kwa herufi kubwa hadi ukingoni mwa karatasi.